Adeniamu ya kubebesha, ile ya maua ya kujaa: uzoefu wangu hapa Dar

Kama unajiuliza adeniamu ya kubebesha (yaani ile desert rose ambayo tawi la aina moja limeunganishwa juu ya shina la nyingine) inastahili hela yake, mi jibu langu ni ndiyo, tena ndiyo kabisa, ila ununue shina na mizizi kwanza ndo ua lifuate, manake watu wengi wanapagawa na ua wanasahau kuangalia kule chini. Yangu ni nyekundu iliyoiva yenye ukingo mweusi, petali zimejipanga tabaka tatu, nimeinunua elfu arobaini na tano kwa muuza maua wa kando ya barabara huku Mikocheni, na hapohapo kwake adeniamu ya kawaida ya pinki ilikua elfu kumi. Tofauti sio ndogo, kwaiyo acha niseme hela inaenda wapi.

Adeniamu yenyewe sio mgeni kwetu. Inaota porini kwenye sehemu kavu za Tanzania na Kenya, shina nene chini, ua la pinki lenye petali tano na koo jeupe. Jina limetokana na Aden ya Yemen, na mtaalamu wa mimea Pehr Forsskål, aliyeukusanya huko Yemen, alifia hukohuko mwaka 1763, maelezo yake ya huu mmea yakachapishwa 1775 akiwa ameshafariki. Sasa miaka ya karibuni wakulima wa Thailand na Taiwan wameuchukua wakauchanganya na ndugu zake, mfano ile adeniamu ya Eswatini na jirani zake inayoitwa swazicum, wakachagua na kuchagua mpaka zikapatikana hizi za maua ya kujaa, za michirizi, za zambarau, za njano. Shida ni kwamba mbegu ya mmea wa mchanganyiko haifuati mama, unaweza ukapanda mbegu za ua jeusi ukaishia na pinki ya kawaida, na ukipanda kijiti kitaota sawa ila lile tumbo la chini mara nyingi halinenepi vizuri. Ndo maana wanabebesha: shina la chini linatoka kwenye mbegu ya kawaida ili linenepe, juu wanafunga kijiti cha aina wanayoitaka. Hiyo kazi ndo unayoilipia, yaani mtu amekaa amekuza mche, amekata, amefunga nailoni, amesubiri ushike.

Huduma ya kaka aliyeniuzia niliipenda sana. Aliniacha niinue kiroba, niguse, nibonyeze, hakuonyesha kuchoka. Nikamwonyesha picha kwenye simu nikamuuliza kama anayo ya hivi, akanijibu "anti, adeniamu usinunue kwa picha, subiri ichanue ulione ua kwa macho yako," na alikua sahihi, maana picha zinazozunguka huko zingine zimekolezwa rangi, kuna hadi za bluu kama anga na adeniamu ya bluu haipo jamani. Vitu nilivyoangalia: kovu la mbebesho limefunga vizuri halina ufa wala weusi, matawi ya juu ni zaidi ya moja, na tumbo ni gumu ukilibonyeza. Likibonyea kidogo inaweza kuwa ni kiu tu, likinyweshwa linajaa tena, ila likiwa laini kama embe lililoiva sana na ngozi imekua nyeusi na kuna harufu, achana nalo hata upewe bure.

Lalamiko langu ni moja, udongo. Mmea ulikuja kwenye udongo mweusi wa kunata, umeshindiliwa, na hii sio kwake tu, karibu kila nilikopita ni hivyohivyo. Kwa mmea wa jangwani huo udongo ni hatari, hasa ukiingia masika. Mtu analipa elfu arobaini na tano halafu mmea unaoza baada ya mvua anaanza kusema hizi za kubebesha ni za magumashi, kumbe ni udongo. Wauzaji wakibadilisha hiki kitu kimoja tu watu wengi zaidi wangezipenda.

Kwaiyo kitu cha kwanza ukifika nyumbani, itoe. Kung'uta udongo wote, osha mizizi, kata iliyooza kwa kisu kisafi, halafu iache kivulini siku kadhaa mpaka vidonda vikauke, usiogope haifi, ina maji yake ndani ya tumbo. Mchanganyiko wangu ni mchanga mkubwa wa kujengea ule wa chenga (nausafisha kwanza, na usichukue wa baharini una chumvi), kokoto ndogo, vipande vidogo vya mkaa, makumbi ya nazi kidogo na samadi iliyooza kabisa, hii samadi ni kama sehemu moja kwa tano, sio zaidi. Ukimwagia maji yanatakiwa yapite saa hiyohiyo, yakisimama juu ongeza kokoto. Chungu cha udongo wa kuchoma ndo kizuri, kipana kuliko kirefu, kiwe na matundu ya kueleweka. Na ukiipanda inyanyue kidogo kuliko ilivyokua mwanzo ili mizizi minene ya juu ionekane, kila ukibadilisha chungu unainyanyua tena, hapo ndo unapata lile umbo la kupendeza ambalo watu wanalipia hela nyingi. Baada ya kupanda subiri kama wiki ndo umwagilie.

Jua. Iweke kwenye jua kabisa, masaa sita na kuendelea, sio kwenye kibaraza chenye kivuli sio sebuleni. Kivulini inarefuka, inapata matawi membamba na haichanui, hiyo nimeiona kwa watu wengi, mmea una majani mazuri ya kijani mwenye mmea analalamika hauna ua. Kwa joto la Dar kuanzia Disemba mpaka Februari mi namwagilia udongo ukikauka, na hapo inakunywa kweli, watu wanadhani ya jangwani basi haitaki maji kumbe kwenye joto ikiwa na udongo unaopitisha inapenda sana. Juni mpaka Agosti kukipoa inaweza kupukutisha majani, napunguza maji. Masika naihamishia chini ya ukingo wa bati ambako jua linafika ila mvua haiipigi, na sio kwa ajili ya mizizi tu, haya maua ya tabaka tatu yanashika maji katikati yanaoza kabla hayajafunguka. Ile ya kawaida ya petali tano haina hilo tatizo. Kwaiyo kama huna pa kuikinga mvua, kwakweli chukua ya tabaka moja au mbili.

Mbolea usiweke urea, itakupa majani matupu. Mi naweka NPK kidogo sana wakati wa joto, ikiwa imeshanyweshwa kwanza. Na hapa ndo muhimu kwa za kubebesha: machipukizi yakitoka chini ya kovu yatoe mapema, hayo ni ya shina la chini, ukiyaachia yananyonya nguvu na baadae unajikuta una pinki ya kawaida imefunika ile nyekundu uliyoilipia.

Wadudu ni wale wa njano wadogo wanaojaa kwenye ncha changa na maua machanga, maji ya sabuni ya kipande kwenye chupa ya kupulizia yanatosha, pulizia jioni. Wale weupe wa pamba nao watoe mapema kwa kitambaa.

Na wenye watoto na mbuzi tafadhali sikilizeni vizuri. Utomvu wa adeniamu ni sumu inayogusa moyo, sio maneno ya kutishana, Wahadzabe, wale wawindaji wa kule Ziwa Eyasi, wanaupika huu mmea kupata sumu ya mishale wanayowindia wanyama wakubwa. Ukikata tawi vaa glavu, usijishike macho, osha kisu kwa sabuni usikirudishe jikoni. Yangu iko juu ya kibanda ambako mtoto hafiki. Wauzaji wengi hawasemi hili na wangetakiwa waseme kabla hata ya kutaja bei.

Ua moja linakaa muda mrefu, wakati waridi langu limeshamwaga petali hii bado ipo, na ikimaliza mzunguko inapumzika inaanza tena bila kubembelezwa. Nimeshamnunulia mama nyingine ya zambarau yenye michirizi, yuko Dodoma na ule ukavu wa kule inaupenda, hana hata habari ya kuikinga mvua miezi mingi ya mwaka. Sa hivi natafuta ya njano iliyojaa, ambayo mbebesho uko chini karibu na tumbo ili kovu lisionekane baadae, na nitalipa hata elfu sitini ila niione imechanua kwanza.