Haigromita yenye kumbukumbu: kifaa kidogo kati ya mpangaji na mwenye nyumba

Nilinunua haigromita yenye kumbukumbu, yaani kifaa kinachopima unyevu wa hewa na kuhifadhi vipimo vyake, kwa sababu moja tu: nilikuwa nimechoka kubishana kuhusu madirisha. Ukungu mweusi ulikuwa umeota nyuma ya kabati la nguo katika chumba wanacholala watoto, na doa la rangi ya kahawia lilikuwa likipanuka kwenye kona ya sebule. Kila nilipomweleza mwenye nyumba, nilipata jibu lile lile: "Mama, mnaanika nguo ndani na madirisha hamfungui. Waliokaa hapo kabla yenu hawakulalamika." Nami kila mara nilimjibu kwamba ukuta unavuja. Kwa miezi minne tulirudia maneno hayo, na muda wote huo hakuna kati yetu aliyekuwa na kipimo hata kimoja mkononi.

Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. Kina kihisi cha joto na kihisi cha unyevu wa hewa, hupima kila baada ya dakika 10, huhifadhi vipimo vya wiki kadhaa, na kupitia programu ya simu hutoa grafu pamoja na jedwali linaloweza kuchapishwa. Zipo haigromita za bei ya chini zaidi ambazo huonyesha namba ya wakati huo tu, na kwa mtu anayetaka kujua kama chumba chake kina unyevu mwingi zinatosha kabisa. Kwa aliye katika mgogoro hazitoshi, kwa kuwa namba aliyoisoma mlalamikaji mwenyewe alfajiri, peke yake chumbani, haina shahidi. Thamani ya kifaa hiki imo katika kumbukumbu yake: kinarekodi ukiwa umelala, ukiwa kazini, na hata siku ambazo matokeo yake hayakupendezi.

Kabla ya kukiamini nilikijaribu kwa chumvi ya mezani, na ninamsihi kila anayenunua kifaa cha aina hii afanye hivyo siku ya kwanza. Chukua kifuniko cha chupa, kijaze chumvi, kisha ilowanishe kwa matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito lakini isiyeyuke yote. Kiweke pamoja na haigromita ndani ya chombo cha plastiki kinachofungwa barabara, uache usiku kucha mahali ambapo joto halibadilikibadiliki. Hewa iliyo juu ya chumvi ya namna hiyo hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75, nayo ni kanuni ya maumbile isiyotegemea mtengenezaji yeyote. Changu kilisoma 77, yaani kilizidisha kwa asilimia 2, kasoro ndogo kwa kifaa cha nyumbani. Niliandika tofauti hiyo kwenye daftari na kuipunguza katika vipimo vyote vilivyofuata. Nilifanya jaribio lile mbele ya fundi ambaye mwenye nyumba alimtuma kuangalia choo, ili baadaye asiwepo wa kusema kwamba kifaa kilikuwa kibovu tangu mwanzo.

Namba inayoonyeshwa ni asilimia ya mvuke uliomo hewani ikilinganishwa na mvuke wote ambao hewa ya joto hilo ingeweza kuubeba. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi, na ndiyo maana hewa isiyo na tatizo lolote katikati ya chumba inaweza kugeuka kuwa umande inapogusa ukuta baridi. Unyevu wa ndani kati ya asilimia 40 na 60 kwa kawaida hauleti shida. Ukungu, kwa upande wake, hauhitaji maji yanayotiririka; unyevu wa hewa iliyogusana na uso wa ukuta ukikaa juu ya asilimia 80 hivi kwa siku nyingi mfululizo, unaota. Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa kifaa hiki unapoonekana, kwani kinapima hewa ya pale kilipowekwa, si uso wa ukuta. Ilinibidi niazime kipimajoto kile kinachoelekezwa ukutani bila kugusa, kisha nikafanya hesabu mwenyewe. Laiti watengenezaji wangeunganisha vipimo hivyo viwili katika kifaa kimoja, wangewapunguzia wapangaji kazi kubwa.

Matokeo ya chumba cha watoto hayakuwa yale niliyoyataka. Grafu ya wiki nane ilionyesha unyevu ukianza kupanda mara watoto wanapolala na mlango kufungwa, ukafika asilimia 72 alfajiri, joto likiwa nyuzi 20, kisha ukashuka mchana. Mvua ikinyesha au isinyeshe, mchoro haukubadilika. Ukuta wa nje uliofichwa na kabati ulikuwa na nyuzi 16, na kwa hewa ya asilimia 72 hiyo ina maana kwamba unyevu penye uso wa ukuta ulizidi asilimia 90. Maji hayakuwa yakipenya kutoka nje; yalitoka kwenye pumzi zetu, mvuke wa jikoni, na nguo ambazo kweli nilikuwa nikizianika kwenye korido. Mwenye nyumba alikuwa amesema kweli kwa sehemu, na nilipaswa kuikubali sehemu hiyo.

Lakini ilikuwa sehemu tu. Dirisha la chumba hicho lilikuwa limegandishwa na rangi iliyopakwa kabla hatujahamia, na halikuwahi kufunguka. Hata unyevu ungeshuka hadi asilimia 60, ukuta ule wa nyuzi 16 ungebaki karibu na asilimia 77, pembeni kabisa mwa mpaka wa hatari, jambo linaloonyesha kwamba ukuta wenyewe ni baridi kupita kiasi. Nilisogeza kabati umbali wa kiganja kutoka ukutani na nikaacha kuanika nguo ndani. Kilele cha alfajiri kilishuka kutoka 72 hadi 66. Fundi alipolizibua dirisha, kilishuka hadi 58. Tofauti hizo mbili zinasomeka kwenye grafu zikiwa na tarehe zake, na ninaamini hakuna maneno ambayo yangegawanya wajibu kati yetu kwa uwazi kama huo.

Sebuleni mambo yalikuwa tofauti kabisa. Hewa ilikuwa kavu kiasi, asilimia 52 hadi 56 kwa muda wote, na ukuta haukuwa baridi, ilhali doa lilizidi kukua. Hewa ikiwa kavu namna hiyo na ukuta ukawa umelowa, maji yanatoka mahali pengine. Nilinunua kifaa cha pili, kipimaunyevu cha ukuta chenye pini mbili, na juu yake natoa tahadhari kali zaidi. Kifaa hicho hupitisha umeme kidogo kati ya pini na kusoma jinsi unavyopita. Namba zake zimepangwa kwa ajili ya mbao, si plasta wala tofali, kwa hiyo ukikiona kimeandika 28 usiseme kwamba ukuta una maji ya asilimia 28. Zaidi ya hayo, chumvi zinazobaki ukutani baada ya unyevu wa miaka iliyopita hupitisha umeme na kukifanya kipige kelele hata ukuta ukiwa umekauka. Nimesikia wauzaji wa dawa za kuzuia unyevu wakikitumia kama hukumu ya mwisho, jambo ambalo si haki kwa mwenye nyumba wala kwa mpangaji. Matumizi yake ya kweli ni kulinganisha sehemu moja ya ukuta na nyingine, na siku moja na nyingine. Nilichora gridi kwa penseli na kupima kila Jumamosi. Sehemu kubwa ya ukuta ilikaa kwenye 10; penye doa namba ilikuwa 17 katika wiki kavu, ikapanda hadi 28 siku mbili baada ya kila mvua kubwa. Doa lilikuwa mita moja na nusu kutoka sakafuni, juu zaidi ya pale ambapo unyevu unaopandishwa na ardhi hufika kwa kawaida, na moja kwa moja juu yake, nje, palikuwa na kiungo cha mfereji wa paa.

Kasoro niliyoiona chungu kuliko zote katika haigromita ilitokea wiki ya tano. Betri iliisha, nikaweka nyingine, na saa ya kifaa ikarudi nyuma bila kunionya mpaka nilipofungua programu siku mbili baadaye. Vipimo vya siku hizo mbili vilibeba tarehe zisizo sahihi, na moja ya siku hizo ilikuwa ya mvua. Mwenye nyumba alipoliona pengo hilo, aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kama hapakuwa na mapengo mengine ambayo sikumwonyesha. Tangu hapo nabadilisha betri kabla haijaisha, nafungua programu papo hapo ili saa ijirekebishe, na kila Jumapili natuma nakala ya jedwali kwa barua pepe kwake na kwangu. Kifaa kinachouzwa kwa ajili ya kuweka kumbukumbu hakipaswi kupoteza tarehe. Kwa kosa hilo pekee nakipunguzia nyota moja kati ya tano.

Siku tuliyokaa pamoja sebuleni na karatasi zile mezani, nilianza na chumba cha watoto, pale nilipokuwa na kosa. Nilisema, "Mzee, hapa ulisema kweli, na haya ndiyo niliyobadilisha." Sidhani angeitazama karatasi ya pili kwa utulivu kama ningeanza na mfereji. Aliweka tarehe za mvua sambamba na namba za ukuta kwa kidole chake, akatoka nje bila kusema neno, akamwita fundi, wakapanda ngazi. Kiungo kilikuwa kimeachana, na maji yalikuwa yakiteremka ndani ya ukuta badala ya kwenye bomba.

Nasisitiza suala la kugawanya wajibu kwa sababu lawama ya "namna mnavyoishi" inaweza kuua. Mwezi Desemba 2020, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, mtoto wa miaka 2 aitwaye Awaab Ishak alifariki, na mwaka 2022 uchunguzi rasmi wa kifo chake uliamua kwamba chanzo kilikuwa ugonjwa mkali wa mfumo wa upumuaji uliotokana na kuishi muda mrefu katika nyumba yenye ukungu. Baba yake alikuwa amelalamika miaka kadhaa kabla, akaambiwa aupake rangi. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo ilianza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za kijamii, yaani nyumba za kupangisha za bei nafuu zinazomilikiwa na halmashauri au mashirika ya nyumba: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevunyevu mkubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Kabla ya hapo, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilikuwa limeshaeleza uhusiano wa unyevunyevu na ukungu majumbani na dalili za upumuaji pamoja na pumu, na likasema kwamba haiwezekani kuweka kiwango salama cha ukungu kwa namba. Kwa sababu hiyo sioni faida ya vile visahani vinavyouzwa kwa ajili ya "kupima ukungu hewani". Mbegu za kuvu zipo katika hewa ya kila nyumba, kwa hiyo kisahani kitaota tu. Fedha hizo zitumike kupima maji.

Mgogoro wetu haujaisha wote. Mwenye nyumba angependa kupaka rangi sebuleni mwezi huu, na amedokeza kwamba gharama ya kusafisha chumba cha watoto itakatwa kwenye amana. Kuhusu amana nimempa grafu ile yenye ngazi mbili, ya kabati na ya dirisha, nikapendekeza tugawane nusu kwa nusu, naye anafikiria. Kuhusu rangi nimemwomba asubiri. Ukuta uliolowa hukauka polepole, na mafundi hukadiria takriban milimita 25 za unene kwa mwezi hali ikiwa nzuri, kwa hiyo rangi ikipakwa sasa itafunika maji ndani na kubanduka kabla ya mvua zijazo. Tumekubaliana kwamba fundi hatafungua kopo mpaka namba ya pini penye doa ilingane na ya ukuta mwingine kwa Jumamosi tatu mfululizo. Jumamosi iliyopita ilisoma 15.