Uzoefu wangu na V6 inayozima silinda, barabara ya Mbeya–Iringa

Ninaendesha V6 ya lita 3 ya mtumba kutoka Japani, nakaa Uyole, na safari zangu nyingi ni za Iringa. Gari lina mfumo wa kuzima silinda: ukishika mwendo mmoja bila kukanyaga sana, silinda tatu za nyuma zinalala, tatu za mbele zinavuta gari. Petroli inabanika kweli. Kuanzia Igurusi, Chimala hadi Igawa, kule tambarare Usangu, raha tupu.

Shida ni kwamba barabara zetu hazitulii. Mlima Nyoka zote sita zinaamka, ukiteremka zinalala, kijilima kidogo zinaamka tena. Kila zinapobadilishana, injini inatikisika kivingine, na wa kumeza mtikisiko huo ni mauntingi, vile vikalio vinavyoshikilia injini kwenye bodi. Za gari hili si mpira mtupu; zina majimaji ndani na zinaongozwa na kompyuta. Zangu zilipoanza kuvuja, usukani ulitetema mwendo wa 80 kama vile napita kwenye rasta. Bei ya mauntingi hizo si ya kawaida, jiandaeni.

Kilichoniuma zaidi ni oili. Ilikuwa inapungua kwenye stiki na chini hakuna tone. Fundi wangu wa Mwanjelwa akafungua plagi zote sita, akazipanga juu ya kitambaa. Tatu za mbele kavu, rangi ya kahawia. Tatu za nyuma nyeusi tii, zimelowa oili hadi kwenye nyuzi. Hapo hakuna ubishi tena. Silinda ikizimwa, valvu zinafungwa na petroli inakatwa, lakini pistoni bado inapanda na kushuka. Humo ndani hakuna mlipuko wa kusukuma ringi (zile pete za pistoni zinazozuia oili isipande) zibane vizuri, basi oili inanyonywa kwenda juu. Silinda ikiwashwa, inaungua, masizi yanaganda kwenye ringi, na injini inaanza kumisi.

Wazo lenyewe si geni. Cadillac waliuza V8 ya namna hiyo mwaka 1981, ikasumbua, na mwaka uliofuata wakaiondoa karibu kwenye magari yao yote.

Nimebadilisha mauntingi na plagi, kisha nikafungiwa kidude kinachoidanganya kompyuta kwamba injini haijapata joto la kutosha, kwa hiyo silinda hazizimwi. Mtetemo umeisha. Petroli imeongezeka kidogo, hasa kule Usangu, na mimi nakubali kulipa hiyo. Oili bado inapungua, ila taratibu, maana ringi zilizokwisha kuganda masizi hazijisafishi zenyewe.

Ukienda kukagua gari la aina hii, usiridhike na kuwasha na kusikiliza tu. Omba plagi za nyuma zifunguliwe. Ziko upande wa kioo, zinasumbua kufikika, na muuzaji atakwambia haina haja. Mwambie utasubiri.