Nilivyohamisha vichupo 143 kutoka Firefox kwenda Chromium bila kumaliza mega

Mimi ni mtafsiri, Kifaransa kwenda Kiswahili, na kazi ninaifanyia nyumbani Katuba, hapa Lubumbashi, kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4. Kila hati ninayopokea huja na vichupo vyake (tabs, yaani kurasa zilizo wazi kwenye kivinjari): sheria, kamusi, makala za migodi, na ukurasa mmoja wa istilahi za udongo ambao niliusaka wiki nzima. Sivifungi mpaka hati niikabidhi. Basi mteja mpya aliponiambia kwamba jukwaa lake la kutafsiria linataka kivinjari cha ukoo wa Chrome, Firefox yangu ilikuwa na vichupo 143 vilivyo wazi, na mashine hii haiwezi kubeba vivinjari viwili kwa pamoja.

Chromium, ambayo ni ya ukoo huo, ina sehemu ya kuleta vitu kutoka Firefox. Inaleta alamisho (bookmarks), historia na manenosiri. Vichupo vilivyo wazi haigusi. Nilianza kunakili anwani moja moja kwenye daftari la kompyuta, nikafika ya ishirini na kitu, mdogo wangu anayesoma informatiki akaingia.

"Yaya, acha kujichosha. Firefox yenyewe imeshaziandika zote kwenye faili moja. Tuisome hiyo."

Akaandika skripti, yaani programu fupi, kwa lugha ya Python, isiyofika mistari 30, na ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Ndani ya folda ya profaili, ambamo Firefox huweka vitu vyako, kuna folda nyingine, sessionstore-backups, na humo kuna faili recovery.jsonlz4. Firefox ikiwa wazi huiandika upya takriban kila sekunde 15. Ndiyo maana umeme ukikatika ghafla (na wa Katuba mnanielewa) vichupo vyako unavikuta ukiwasha tena. Ukifunga Firefox kwa utaratibu, kazi hiyo inachukuliwa na sessionstore.jsonlz4, iliyo kwenye profaili yenyewe. Faili imebanwa kwa LZ4, njia ya kupunguza ukubwa wa faili, lakini Mozilla, watengenezaji wa Firefox, wameiwekea alama yao mbele: baiti 8 zinazosomeka mozLz40, halafu baiti 4 za ukubwa. Programu ya kawaida ya lz4 ukiipa inaikataa. Skripti inaruka zile baiti 8, inafungua kinachobaki, na unapata JSON, maandishi ya data yaliyopangwa: madirisha, ndani ya dirisha vichupo, na ndani ya kila kichupo kurasa zote ulizopitia.

Hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Skripti ilikuwa inachukua ukurasa wa mwisho katika orodha ya kila kichupo. Lakini mimi hufungua makala, nabofya kiungo, kisha narudi nyuma. Ukurasa ninaoutazama si wa mwisho. Kila kichupo kina namba iitwayo index inayosema uko wapi, nayo huhesabu kuanzia 1, wakati Python huhesabu kuanzia 0. Mdogo wangu alipotoa moja kwenye namba hiyo, ukurasa wangu wa udongo ukatokea. Nilifurahi sana.

Kosa la pili liliniuma mfukoni. Tulizikabidhi anwani zote kwa Chromium kwa amri moja, nayo ikaanza kupakia kila ukurasa papo hapo. Firefox inaporudisha vichupo vyake yenyewe huvipakia unapovibofya tu, kwa hiyo sikuwa nimewahi kuona uzito wa vichupo 143 kwa mara moja. Laptopu iliganda, na mega 300 za intaneti nilizokuwa nimebakiza za kukabidhia kazi zikaisha kabla hata nusu ya kurasa kufunguka. Nilitoka kwenda kununua kifurushi kingine jioni hiyo hiyo.

Toleo tulilobaki nalo halifungui kitu. Linaandika faili ya HTML kwa mtindo uleule ambao vivinjari hutumia kuhifadhi alamisho, kila dirisha likiwa folda yake, kila kiungo na kichwa chake. Chromium inaipokea kwenye sehemu ya kuleta alamisho, bila intaneti kabisa. Mimi nabofya ninachohitaji leo, mengine yanangoja. Kama unaishi kwa kununua mega, usikubali skripti ya namna nyingine, hata ikisifiwa kwa kasi.

Tuliongeza mambo mawili madogo. Anwani zinazojirudia zinaondolewa, zikabaki 131. Na anwani za kurasa nilizokuwa nazisoma kwa mwonekano wa msomaji (Reader View ya Firefox) huanza na about:reader, anwani halisi ikiwa imefichwa ndani. Skripti inaitoa humo, la sivyo Chromium haijui pa kwenda.

Visivyohama vipo. Akaunti utaingia upya. Fomu uliyoanza kuijaza haifuati. Vichupo vya dirisha la faragha havimo katika faili hiyo, jambo ambalo naliona ni la haki.

Nawaomba sana: msimtumie mtu faili hiyo kwenye WhatsApp ili awasaidie kuifungua. Ndani yake mna vidakuzi (cookies) vya akaunti zilizo wazi na hata maneno uliyoandika kwenye fomu. Skripti iendeshwe kwenye mashine yako, na kinachotoka kiwe orodha ya anwani tu.

Kurudi kutoka Chromium kwenda Firefox, faili ya Chromium ni ya namna nyingine na hatukuhangaika nayo. Kuna njia ya kukiuliza kivinjari chenyewe orodha ya vichupo kupitia lango (port) 9222, lakini Chrome tangu toleo la 136 la mwaka 2025 haikubali tena kwa profaili ya kawaida, kwa sababu wezi waliitumia kuiba vidakuzi. Ninabonyeza Ctrl, Shift na D, vichupo vyote vya dirisha vinaingia folda moja ya alamisho, naitoa kama HTML, basi.

Ni wiki ya sita sasa. Skripti ninaiendesha kila Ijumaa kabla ya kuzima mashine, na orodha naiweka kwenye flashi. Kati ya zile anwani 131, tisa zilidai akaunti. Sita nimeshaingia, tatu zilizobaki ni za mteja wa zamani, nami nangoja anitumie nenosiri jipya.