Chama chetu cha wajenzi, nyota 4

Mimi hujenga nyumba ndogo ndogo huku Ruai, Nairobi, na Benki Kuu ilipofikisha riba yake 13% mwezi wa pili 2024 wateja wangu wa kujenga kwa mkopo wakapotea wote, nikabaki na msingi mbili vyuma vimesimama juani vikishika kutu. Nilijiunga na hawa wa chama juu wanapeleka kilio chetu kaunti na haki wanajituma, tulikaa na dada wa ofisi tukapanga risiti na tarehe za plani yangu ya nyumba iliyolala kaunti miezi saba bila kupitishwa, wakaenda nazo kwa maMCA, wale wawakilishi wa wadi, kuomba kibali cha kujenga kiwekewe muda maalum wa kutoka na ada ilipwe polepole. Bado haijapita, lakini wanafuatilia. Nyota moja nimekata juu ya mikutano ya saa nne asubuhi, siku ya kazi, na fundi ako saiti.