Kipima gesi cha mkononi na kile cha ukutani: uzoefu wangu kwenye meli ya mafuta

Nianze na jibu la swali la meli inunue kipima gesi kipi, maana najua wengi mnalitafuta kabla ya kuwaandikia watu wa ofisini: kama kampuni inanunua kipima gesi kimoja tu, daini chenye pampu ndani yake. Kisicho na pampu ni cha bei nafuu, ni chepesi, na kinakaa vizuri kifuani, lakini kinamlinda mtu ambaye ameshaingia tangini. Sisi tunataka kujua hewa ya tangi ikoje wakati mtu bado yuko sitahani.

Mimi ni chifu ofisa, yaani msaidizi wa kwanza wa nahodha, kwenye meli inayobeba mafuta yaliyosafishwa: petroli, dizeli na mafuta ya ndege. Tunapakia Ghuba, tunashusha Mombasa na Dar es Salaam. Kabla ya hapo nilikuwa kwenye meli za mzigo wa kichele, ngano na makaa ya mawe. Sitataja waliotengeneza mita (ndivyo tunavyoviita vipima gesi) ninazozieleza, kwa sababu nimeshika za kampuni mbalimbali na tabia zake zinakaribiana kuliko wauzaji wanavyopenda tuamini.

Ya mkononi hupima oksijeni, gesi zinazowaka, monoksidi ya kaboni, na salfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai viza. Tangu tarehe 1 Julai 2016 SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unataka meli ziwe na kifaa kinachopima hizo nne kabla ya mtu kuingia mahali palipofungika, ndiyo maana kila muuzaji anazo. Oksijeni ya hewa safi ni 20.9%, na kengele kwa kawaida hutoka kiwandani zimewekwa 19.5% kwa chini na 23.5% kwa juu. Gesi inayowaka huonyeshwa kwa asilimia ya LEL, yaani kiasi cha chini kabisa hewani kinachoweza kushika moto. Kwa methani kiasi hicho ni karibu 5% ya hewa, kwa hiyo mita ikisema 10% LEL, methani iliyomo ni nusu ya asilimia moja tu. Vijana wapya huchanganyikiwa hapo, na si kosa lao. Kioo chenyewe hakifafanui.

Kazi ya pampu ni kuvuta hewa kupitia mrija. Unasimama juu na mita mkononi, mrija unashuka mpaka chini. Tunapima juu, kati na chini, kwa sababu methani hupanda huku mvuke wa petroli na salfidi ya hidrojeni vikilala chini. Kila mita moja ya urefu wa mrija inahitaji sekunde kadhaa kabla hewa ya chini haijafika kwenye vihisi. Kitabu cha kifaa kitakuambia ni ngapi. Mimi huongeza juu yake, na serahangi wetu, mkuu wa mabaharia wa sitahani, akinung'unika namwacha anung'unike. Angalieni pia mrija wenyewe. Mpira wa kawaida hunyonya mvuke wa petroli, kisha unautoa polepole ukiwa kwenye tangi jingine lililo safi, mkabaki mnatafuta gesi isiyokuwepo.

Kinachoudhi zaidi ni maji. Ncha ikigusa maji yaliyobaki chini ya tangi la balasti (la maji ya kuituliza meli), chujio linalowa na kifaa kinapiga kelele kwamba pampu imeziba. Afadhali hivyo. Niliwahi kupewa mita ya bei rahisi ambayo iliendelea kuonyesha 20.9 huku mrija umekunjika na hakuna hewa inayopita. Tangu siku hiyo, kabla ya kushusha mrija wowote naziba ncha kwa kidole. Kifaa kisipolia, hakiendi popote, hata kama cheti chake kina mihuri yote.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na ndilo lililonifanya niandike. Msisubiri kengele. Someni namba.

Hewa ni oksijeni sehemu moja kwa tano hivi. Oksijeni ikishuka kwa 0.1%, maana yake kuna kitu kingine kimeingia kwa kadiri ya 0.5%, yaani sehemu 5,000 kwa milioni, au kuna kitu kimeila. Chukua hewa ukaa. Ikijaa chumbani kwa 5%, oksijeni inashuka tu mpaka kama 19.9%. Kengele ya 19.5 haijalia, kioo kinaonekana kizuri, na mtu anaingia kwenye hewa ambayo kwa hesabu ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, imeshapita kiwango cha hatari ya papo hapo kwa uhai, ambacho ni 4%. Mita ya gesi nne haina kihisi cha hewa ukaa kabisa. Kwa hiyo kwenye chumba cha mitungi ya hewa ukaa ya kuzimia moto, au karibu na shehena inayopumua kama nafaka na mbao, 20.5 kwangu si "karibu sawa". Ni swali, na mlango unabaki umefungwa mpaka lijibiwe.

Kule kwenye tangi la balasti au shimo la mnyororo wa nanga, anayekula oksijeni ni kutu. Hakuna harufu, hakuna rangi, hakuna moshi. Tarehe 23 Septemba 2007 mabaharia watatu wa Viking Islay walikufa kwenye shimo la mnyororo katika Bahari ya Kaskazini, na meli yenyewe ilikuwa ya uokozi, ya kukaa karibu na mitambo ya gesi ili kuwasaidia wengine. Wawili walianguka walipokwenda kushughulikia mnyororo uliokuwa ukigonga. Wa tatu hakuweza kupenya mlangoni na mtungi wa hewa mgongoni, akaingia na kifuniko cha kichwa cha kukimbilia dharura. Hapakuwa na mafuta wala kemikali pale, chuma na maji ya chumvi tu. Tukifanya zoezi la kuokoa mtu tangini huwa nawasimulia habari hiyo, kwa sababu kila mtu melini anaogopa tangi la petroli, na hakuna anayeogopa shimo la mnyororo.

Kihisi cha gesi zinazowaka nacho kina vituko vyake. Kile cha kawaida huichoma gesi kidogo kidogo juu ya kishanga chenye moto, na bila oksijeni hakuna kuchoma. Meli yetu ina mtambo wa gesi ajizi, yaani gesi yenye oksijeni kidogo isiyoruhusu moto, na tangi la shehena linatakiwa lisizidi oksijeni 8%. Ukiipeleka mita ya kawaida humo inaweza kukupa namba ndogo ya kupendeza wakati tangi limejaa mvuke. Kwa kazi hiyo tuna kifaa kingine chenye kihisi cha infraredi, kinachosoma asilimia ya gesi kwa ujazo. Infraredi nayo haioni hidrojeni, basi msiitegemee kwenye chumba cha betri. Ajabu ni kwamba huko kihisi cha monoksidi ya kaboni kinaweza kupanda kwa sababu ya hidrojeni hiyo hiyo, mtu akadhani kuna kitu kinaungua.

Kingine: mita iliyosawazishwa, yaani iliyorekebishwa usomaji wake, kwa methani husoma mvuke mzito pungufu. Kwa vihisi vingi, mvuke wa aina ya petroli unaweza kuonekana kama nusu ya ulivyo. Ulizeni cheti kinasema gesi gani. Na mafuta ya kupulizia yenye silikoni, yale mafundi wanayoyapenda kwa bawaba na mipira, wekeni mbali na kifaa, maana huua kihisi hicho kimyakimya.

Walio kwenye meli za ngano, mita hii haioni fosfini, ile dawa ya kufukizia wadudu. Inaweza kusema kila kitu ni salama huku chumba cha mtu kimejaa sumu iliyopenya kupitia ufa kutoka kwenye falka, chumba cha shehena. Nunueni vipimo vya fosfini vyenyewe, na mfukizaji awaachie kabla hajashuka meli.

Nije kwenye mfumo wa kudumu, yaani kile kipima gesi cha ukutani. Kwa meli za mafuta za tani 20,000 na zaidi zilizojengwa kuanzia 2012, SOLAS inataka mfumo unaovuta hewa kutoka matangi ya balasti na nafasi tupu zinazopakana na matangi ya shehena. Kila sehemu inapimwa kwa zamu, mzunguko usizidi dakika 30, na kengele isipite 30% LEL. Kwenye chumba cha pampu masharti ni makali zaidi: kengele isizidi 10% LEL. Paneli iko chumba cha kuendeshea shehena, na kusema kweli ndicho kifaa ninachokitazama mara nyingi kuliko vyote, kwa sababu inaonyesha mwenendo. Tangi lililokuwa 0% LEL juzi, 2% jana na 4% leo lina ufa mahali fulani, na hakuna mita ya mkononi ingenionyesha hilo mapema hivyo.

Ubaya wake ni dakika hizo 30. Gesi ikiingia tangini mara tu baada ya zamu yake kupita, utaijua zamu ijayo. Halafu mirija ya kuvutia: balasti ikijaa lazima ncha za chini zifungwe, la sivyo mnavuta maji mpaka kwenye kichanganuzi, na kukiondoa na kukikausha ni kazi ya fundi umeme kutwa nzima. Mfumo wa kudumu haumruhusu mtu kuingia tangini. Unakwambia tu pa kutilia shaka. Paneli ikisema 0 na mita ya mkononi ikasema 3, naamini 3.

Gharama ambayo ofisi huisahau ni mitungi ya gesi ya kujaribia. Kifaa kinajaribiwa kwa gesi yenyewe kabla ya kutumika, kwa sekunde chache tu, kuona kama vihisi vinaitika na kengele inalia. Kuwasha na kuona 0 si jaribio. Kihisi kilichokufa nacho husoma 0. Mtungi una tarehe ya mwisho, na ukiwa na salfidi ya hidrojeni hauvumilii kukaa sana. Kwa ndege husafirishwa kama mzigo wa hatari, basi wakala wa Mombasa akikwambia utafika kesho, mwombe namba ya mzigo. Mimi huagiza tukiwa bado tunapakia Ghuba.

Ya kijuujuu: kioo kinasomeka juani, vibonye vinabonyezeka ukiwa na glavu, betri inamaliza zamu bila wasiwasi. Sauti ya kengele haitoshi chumba cha mashine, ila kifaa hutetemeka kifuani na hapo mtu anashtuka. Vihisi vya oksijeni vya aina tuliyo nayo huchoka baada ya miaka miwili hivi, kwa hiyo bei mliyotajiwa si bei ya mwisho.

Ningekinunua tena? Cha pampu, ndiyo, viwili, na vile vidogo visivyo na pampu kwa kila anayeingia. Mkiagiza, ongezeni machujio ya pampu kwenye oda hiyo hiyo, pakiti mbili au tatu, maana ndani ya sanduku huja moja tu na tangi la kwanza lenye maji litalimaliza.