Cushing Center pale Yale: nlifata ubongo kwenye chupa, nikatoka nawaza mashine ya presha

Nyota 5. Nazitaja mapema maana najua wengi wenu hamfiki mwisho.

Iko hivi, kabla sijaja huku Marekani nilikua nesi wa thieta nyumbani Tanzania, miaka sita nimesimama pembeni ya meza ya upasuaji, kwaiyo mtu akiniambia New Haven, mji wenye chuo kikuu cha Yale, kuna chumba kimejaa ubongo wa watu, ndo hiyo Cushing Center, mi sishtuki, naulizia nauli tu. Mwenye shida alikua shemeji yangu. Yeye ni wa kompyuta, damu ya kuku tu anageuza shingo, akasema atanisindikiza lakini ndani haingii ng'o. Tukapanda treni pale Grand Central, stesheni kubwa ya New York, kama masaa mawili hivi mko New Haven, mnatembea kidogo mpaka maktaba ya udaktari ya Yale. Kiingilio bure. Bebeni kitambulisho, na ulizieni kwanza kabla ya safari maana ni ndani ya chuo, sio kama mnaenda sokoni.

Mnashuka chini ya jengo, ndo mnakutana nazo. Chupa zaidi ya 400, zimepangwa kwenye shelfu za juu kuzunguka chumba chote, taa zinapiga kwa nyuma, ubongo una rangi kama ya samli iliyokaa sana. Chini ya shelfu kuna droo unazivuta mwenyewe unaona vilivyomo. Chumba sio kikubwa, mtu wa haraka anamaliza nusu saa. Mi nilikaa karibu masaa matatu.

Sasa mwenye mali ni nani. Harvey Cushing, Mmarekani, daktari wa kupasua ubongo, na ubongo wa kwenye chupa ni wa wagonjwa wake. Kazaliwa Cleveland mwaka 1869, mtoto wa mwisho kati ya kumi. Enzi zake kufungua fuvu la mtu ilikua karibu sawa na kumwagia udongo, wengi walikua wanafia mezani au siku mbili tatu baadae. Huyu baba akang'ang'ana mpaka miaka yake ya mwishoni vifo vikashuka chini ya asilimia 10, na mwaka 1931 akafikisha uvimbe wa ubongo wa 2,000. Elfu mbili jamani, bila CT scan wala MRI, zile mashine za kupiga picha ndani ya kichwa, anaangalia macho ya mgonjwa, anasikiliza maelezo, anakisia uvimbe uko wapi afu anaingia.

Ila kilichonigusa mimi sio hiyo elfu mbili. Akiwa bado mwanafunzi Harvard aliambiwa ampe mgonjwa nusu kaputi ya etha, mgonjwa akamfia pale pale, kidogo aache udaktari. Badala ya kuacha akaanza na mwanafunzi mwenzie, Codman, kuandika kwenye karatasi mapigo ya moyo na pumzi za mgonjwa muda wote wa opresheni, wanashindana nani anatoa nusu kaputi nzuri zaidi, na wameweka dau la msosi wa usiku! Mwaka 1901 akapita Pavia kule Italia akaiona mashine ya presha ya Riva-Rocci, ile ya kufunga mkononi, akarudi nayo Marekani, presha nayo ikaingia kwenye karatasi. Nesi yeyote wa thieta anaesoma hapa ananielewa. Ile chati ya kila dakika tano tuliyokua tunagombezwa tukiisahau, chanzo chake ni kijana mmoja aliyeua mtu bila kukusudia na hakutaka kusahau.

Hata dayathemi, kile kifaa cha umeme cha kukata nyama na kuziba mishipa inayovuja damu, ni yeye. Mwaka 1926, yeye na Bovie, mtu wa fizikia, waliitumia kwa mgonjwa ambae siku tatu nyuma waliahirisha opresheni yake katikati kwa sababu damu ilikua inavuja sana. Huku Marekani mpaka leo thieta wanaiita Bovie. Na huo ugonjwa wa uso kuwa duara na tumbo kubwa miguu myembamba, unaobeba jina lake, ndo ule ule dada zetu wanajitafutia kwa krimu za mkorogo zenye steroidi. Basi tuyaache hayo.

Kwa tabia, weee. Mkali, wasaidizi wake walikua wanatetemeka. Mwaka 1926 huo huo simu iliingia asubuhi kwamba mwanae wa kiume kafariki kwa ajali ya gari, akamwambia mkewe, afu akaenda kufanya opresheni iliyokua imepangwa siku hiyo. Hapo nilisimama muda mrefu. Sijui nimsifu au nimwogope.

Zipo na picha za wagonjwa wake. Wengine wameweka mikono kifuani ili daktari aone vidole vilivyonenepa kwa ugonjwa wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, wengine wana makovu kichwani, na wanakutazama machoni kabisa. Sidhani kuna aliyewaza kwamba miaka mia baadae nesi wa Kitanzania atamkazia macho. Chupa nlizizoea ndani ya dakika kumi, picha sikuzizoea.

Halafu kuna Dkt. Louise Eisenhardt, na huyu ndo kipenzi changu. Alianza kama karani wa Cushing mwaka 1915, akaenda kusomea udaktari, akarudi bingwa wa kupima uvimbe wa ubongo, akawa anatunza kumbukumbu za kila uvimbe na kila mgonjwa aliishia wapi, aliepona na aliekufa wote wamo. Bila yeye zile chupa ni chupa tu. Baada ya Cushing kufariki 1939 mzigo wa chupa ulikuja kusahaulika kwenye stoo chini ya bweni la wanafunzi wa udaktari, wakawa wanajipenyeza usiku kuziangalia na kuandika majina yao kwenye bango, mpaka 2010 ndo zikafunguliwa chumba hiki cha heshima.

Ah, na walipompasua Cushing mwenyewe baada ya kufa, kafa kwa moyo, ndani ya ubongo wake wakakuta kivimbe kidogo.

Shemeji? Nimepanda juu kumtafuta simuoni. Narudi chini namkuta kainama kwenye droo, kaivuta mpaka mwisho, ananiambia shem subiri kwanza, hii ya kushoto sijaifungua. Treni ya saa kumi na moja tuliikosa.