Mafuta ya mgando, losheni au shea? Chagua kwa kusoma viambato

Kipupwe kikishika Arusha, kati ya Juni na Agosti, miguu inapauka kabla hata jua halijapanda. Dukani kila chupa inajisifu kwa asali, parachichi au mshubiri. Igeuze nyuma. Kwa kawaida viambato hupangwa kwa wingi wake, kilicho kingi kikitangulia, ila vile visivyofika asilimia 1 mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo.

Mpaka huo unaonekana kwa macho. Tafuta Phenoxyethanol, kihifadhi ambacho sheria za Ulaya haziruhusu kizidi asilimia 1. Ukikuta Aloe Barbadensis, yaani mshubiri, au Butyrospermum Parkii, yaani shea, vimeandikwa baada yake, basi kwenye chupa nzima vimo kidogo mno, na picha kubwa ya mbele isikupandishie bei.

Kwa mwili mkavu, namba moja ni mafuta ya mgando ya kawaida, ambayo kwenye lebo huitwa Petrolatum. Hakuna kinachozuia maji yasitoke kwenye ngozi kama haya, na bei yake ni ya chini. Wengi huyalaumu bure kwa sababu huyapaka ngozi ikiwa imeshakauka. Yenyewe hayaongezi maji, yanafungia yaliyopo tu. Jifute kidogo baada ya kuoga, ngozi ibaki na unyevu, kisha upake ndani ya dakika 3. Kiasi cha punje ya harage, ukikisugua viganjani kwanza, kinatosha mkono mmoja. Ukizidisha, vumbi la barabarani litakuganda. Mwenye ngozi nyeti achukue kopo lisilo na Parfum, maana manukato ni chanzo kikubwa cha muwasho.

Namba mbili ni losheni yenye Glycerin katika majina matatu ya mwanzo, mara nyingi baada tu ya Aqua, yaani maji. Gliserini huvuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi. Hii ndiyo ya kupaka mchana kwa anayekerwa na mng'ao wa mgando. Linganisha bei kwa mililita: mililita 200 kwa shilingi 6,000 ni shilingi 30 kila moja, mililita 400 kwa 10,000 ni 25. Ukinunua gliserini tupu, usiipake hivyohivyo hewa ikiwa kavu, kwa kuwa inaweza kuvuta maji ya ngozi yenyewe. Changanya kijiko 1 na vijiko 3 vya maji safi kiganjani au kwenye kikombe, ya siku hiyo tu, kwani mchanganyiko usio na kihifadhi huota vijidudu.

Wenye magaga wao waanze na krimu ya urea, kiambato kinacholainisha ngozi ngumu. Asilimia 10 inafaa ukavu wa kawaida. Kisigino kigumu kinahitaji 20 hadi 25. Loweka miguu dakika 10, kausha, paka, vaa soksi ulale. Kama mipasuko inatoa damu, urea itachoma. Tumia mgando kwanza mpaka ifunge.

Shea halisi ni nzuri, lakini kwa kazi hii haiushindi mgando, na bei yake ni kubwa. Mafuta ya nazi yako chini yake: ni mepesi na huweza kuleta chunusi usoni. Yakiganda Julai usidhani umeuziwa bandia, kwani huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachokinga jua. Kwa hilo nunua losheni yenye SPF, yaani kipimo cha kukinga jua, ya 30 au zaidi. Kwa watu wenye ualbino kuna Kilisun, krimu ya kukinga jua iliyoanzia hospitali ya KCMC, Moshi.

Mwisho kabisa, na hii usinunue: krimu ya kung'arisha au mkorogo wowote. Soma kama ina Hydroquinone, Mercury au Calomel (zote mbili ni zebaki), Clobetasol au Betamethasone. Hidrokwinoni ikitumika muda mrefu huacha mabaka meusi yenye ubluu ambayo ni vigumu kuyaondoa. Zebaki huharibu figo na humdhuru mtoto aliye tumboni. Clobetasol na Betamethasone ni dawa za steroidi: daktari huziandika kwa ugonjwa na kwa muda maalumu. Zikipakwa kila siku, ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea, na ukiacha uso unawaka. Aliyezitumia miezi mingi amwone daktari wa ngozi kabla ya kuacha. Kopo lisilo na orodha ya viambato liache hapohapo dukani, hata muuzaji akiapa. Vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, na huko ndiko pa kutoa taarifa.

Bidhaa yoyote mpya ipake kwanza ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni, kwa siku 7. Ikiwasha au ikitoa vipele, isifike usoni.